Ua la kaharabu lenye lebo ya "Stewartia" na kijitawi cha "Ephedra": nitambue upya vipi bila kuharibu vielelezo?

Kikonyo aliuliza:

Wakuu, heshima kwenu. Naomba mwongozo wa wanaoijua kazi hii kwa undani.

Nina vipande viwili vya mkusanyiko wa zamani, vyote vimeandikwa kaharabu (utomvu wa miti wa kale uliogeuka kisukuku) ya Baltiki, Eosini, yaani kipindi cha kale cha kijiolojia. Kipande A ni cha milimita 31 kwa 22 kwa 14, rangi ya asali iliyoiva. Ndani yake kuna ua lililofunguka, upana milimita 9, petali 5, stameni nyingi (kwa upande unaoonekana zinazidi 30). Chini ya ua kuna ukungu mweupe kama maziwa, kwa hiyo sepali zinaonekana nusunusu na ovari haionekani kabisa. Lebo inasema "Stewartia sp.", yaani spishi isiyotajwa ya jenasi Stewartia ya familia ya chai, bila maelezo mengine. Kipande B ni kidogo, na ndani kuna kijitawi cha milimita 14 chenye viungo, kila kiungo na vigamba viwili vinavyotazamana. Lebo yake: "Ephedra", kichaka chenye vijiti vya viungo-viungo.

Sababu ya kutilia shaka lebo zote mbili ni lile ua kubwa la Baltiki ambalo mtaalamu wa mimea Caspary alilielezea mwaka 1872 kama Stewartia kowalewskii, na mwaka 2023 Sadowski na Hofmann wakaonyesha kuwa ni Symplocos, jenasi ya familia nyingine (Symplocaceae). Ikiwa kielelezo maarufu kiasi hicho kilikaa miaka 150 kwenye familia isiyo yake, hizi lebo za mstari mmoja nani kazihakiki?

Ninazo hadubini ya kupasulia na hadubini ya kawaida yenye kamera. Hadubini ya elektroni na skani ya CT (picha za eksirei za pande zote zinazoonyesha ndani ya kitu) naweza kuzipata kwa kuomba. Nianzie wapi, na ni ushahidi gani unaotosha kubadilisha jina? Petali tano na stameni nyingi naona zinaingia kwenye familia chungu nzima.

---

MsasaLaini alijibu:

Kikonyo, swali zuri, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kushika msasa. Kosa kubwa kwenye kazi hii ni kuanza na lebo. Ukitazama ua huku kichwani una Stewartia, utaiona Stewartia. Lebo igeuze chini mpaka umalize kuandika unachokiona.

La kwanza ni kuthibitisha jiwe lenyewe. Mikusanyiko ya zamani imechanganya kaharabu, sandarusi (utomvu mchanga ambao haujawa kaharabu) na plastiki, na sandarusi yenye ua la msitu wa leo inaweza kukupa "kisukuku" cha ajabu ambacho si kisukuku. Tone la ethanoli au asetoni kwenye kona isiyo na kitu, ukisubiri sekunde kadhaa, huifanya sandarusi inate kidoleni, lakini huacha doa, kwa hiyo kwa kielelezo cha utafiti sikushauri. Njia safi ni kipimo cha infraredi: miligramu 1 au 2 za unga zinatosha. Kaharabu halisi ya Baltiki huonyesha "bega", yaani mstari uliolala kati ya 1250 na 1175 kwa sentimita, kisha kilele kikali karibu na 1160. Sandarusi hujitambulisha kwa vilele vya 3080, 1642 na 887. Unga usiuchukue kwenye ganda la nje. Ganda lililooksidika huinamisha lile bega, ukadhani si Baltiki kumbe ni uzee tu. Kwangua ganda kwanza, halafu uchukue wa ndani.

Jaribio la kuelea kwenye maji ya chumvi waachie wanaonunua mapambo. Kaharabu ni kati ya 1.05 na 1.10 kwa uzito wa ujazo, hivyo huelea kwenye maji yaliyoshiba chumvi, lakini polistireni nayo huelea. Isitoshe, chumvi huingia kwenye nyufa na kukauka humo.

Pili, kumbukumbu. Piga picha pande zote sita, pima uzito, chora mchoro wa mahali ua lilipo na vitu vingine vyote vilivyomo: nywele za mwaloni zenye umbo la nyota, wadudu, mapovu, mistari ya mtiririko wa utomvu. Nywele hizo za mwaloni ni nyingi mno kwenye kaharabu ya Baltiki. Zikiwa zimelala juu ya petali si nywele za ua hilo, na ni rahisi kuzihesabu kimakosa kama nywele za sepali. Kagua msingi wa kila nywele: iliyoota kwenye ua ina kishina, iliyoangukia imelala bapa au imeshikwa na mtiririko mwingine.

Tatu, tazama bila kukata. Kiwango cha kaharabu cha kupinda mwanga ni 1.54 hivi, cha maji 1.33, cha gliserini 1.47. Uso uliokwaruzika au wenye mviringo hupinda picha, na petali ya duara unaiona ya mstatili. Tia tone la gliserini juu ya eneo unalolitazama, weka kioo cha kufunikia, na mikwaruzo mingi itapotea papo hapo. Kwa kipande cha mviringo kizamishe chote kwenye kibakuli cha gliserini kwa muda mfupi, kisha kioshe kwa maji na kukausha kwa kitambaa laini. Mafuta ya kupikia au ya kujipaka yasikaribie: yanapenya kwenye nyufa na hayatoki tena. Tumia mwanga wa juu na wa chini kwa zamu. Wa chini huonyesha mishipa ya petali, wa juu huonyesha nywele na uso wa chavulio (kifuko cha chavua kwenye ncha ya stameni). Ukitumia mmoja tu utapoteza nusu ya ushahidi. Piga picha kwa vina tofauti, tabaka 50 hadi 100 kwa ua la ukubwa huo, kisha uziunganishe kuwa picha moja.

Ule ukungu mweupe ni mapovu madogo sana yaliyotokana na majimaji ya mmea ulipokuwa unaoza ndani ya utomvu. Hauondoki kwa kung'arisha. Mara nyingi upo upande mmoja tu, kwa hiyo dirisha la pembeni, digrii 60 au 90 kutoka uso wa sasa, huweza kukuonyesha ovari kwa kuipitia ubavuni.

Kama itabidi kusaga (na kwa ruhusa ya mwenye mkusanyiko kwa maandishi), saga kwa mkono kwenye msasa wa maji wa silikoni kabidi: P600 kutoa umbo, kisha P1200, P2400, P4000, halafu ngozi laini yenye unyevu na unga wa oksidi ya alumini. Chembe za P600 ni kama mikroni 26, za P4000 ni kama 5. Kila daraja saga kwa kukatisha mwelekeo wa daraja lililopita mpaka mistari ya zamani iishe, na osha kipande na vidole kabla ya kuendelea, maana chembe moja ya P600 ikibaki kwenye P4000 inakurudisha mwanzo. Sekunde 10 hadi 15, simama, tazama chini ya hadubini. Maji yasikauke hata mara moja: joto la msuguano hupasua kaharabu, na ufa hufuata njia rahisi, ambayo ni kwenye ua. Acha angalau milimita 1 ya kaharabu juu ya petali, isipokuwa pale tu unapotaka chavua.

---

PunjeYaChavua alijibu:

Naongezea kwenye ua lenyewe.

Ile kazi ya mwaka 2023 inafaa kusomwa kwa sababu ya njia yake, si jina peke yake. Ua lile lina upana wa milimita 28, karibu mara tatu ya maua mengi ya kaharabu, na umri wake ni kati ya miaka milioni 33.9 na 38. Caspary hakuwa mzembe. Alichokiona, yaani petali tano zilizoungana chini na rundo la stameni zilizoshikamana nazo, kweli kipo Stewartia. Kipo Symplocos pia. Kilichoamua ni chavua iliyokwanguliwa kwa skalpeli na kutazamwa kwa hadubini ya mwanga na ya elektroni, ikilinganishwa na ya mimea ya leo pamoja na umbo la ua. Ua lako la milimita 9 ni dogo kwa Stewartia, lakini ukubwa peke yake hauhukumu: petali hunywea, na ua huweza kunaswa kabla halijamaliza kufunguka.

Kwa petali tano na stameni nyingi, zingatia sehemu zisizobadilishwa na utomvu.

Ovari ndiyo ya kwanza. Stewartia ina ovari ya juu, imekaa wazi ndani ya sepali. Symplocos ina ovari ya chini au nusu chini: sepali ndogo zinaota juu ya kibonge ambacho ndicho ovari. Tazama ubavuni, chini ya mahali petali zinapoanzia. Ukiona uvimbe kati ya kikonyo na sepali, Stewartia imeondoka mezani. Angalizo hapa: povu la hewa chini ya ua huiga kabisa uvimbe huo. Povu lina ukingo mweusi unaong'aa na mviringo kamili, wakati ovari huwa na seli za uso au nywele.

Chavulio ni la pili. Kwa Symplocos ni dogo, karibu mviringo. Likiwa refu, limeshikwa kwa chini na lina kincha kinachochomoza juu, fikiria familia ya Pentaphylacaceae. Staili nyingi zilizo huru zilizotawanyika kama miale zinaelekea Actinidiaceae (familia ya kiwi). Kikombe cha ua chenye stameni ukingoni ni Rosaceae (familia ya waridi) mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na chunguza kama "petali" ni petali kweli. Tropidogyne, ua la kaharabu ya Myanmar lenye umri wa miaka kama milioni 99, lina vipande vitano vilivyotandazwa kama nyota ambavyo ni sepali, petali hazipo. Mishipa husaidia: sepali mara nyingi huwa na mishipa mikuu kadhaa inayoingia kutoka chini kwa pamoja, nayo ni nene na hubaki baada ya petali kudondoka.

Sasa chavua. Tafuta chavulio lililo karibu na uso, chini ya milimita 0.2. Kama hakuna, jiulize kwanza kama inafaa kulisogelea kwa msasa, kwa sababu hatua hiyo haina kurudi nyuma. Ukiamua, saga kwa P4000 pekee mpaka chavulio liwe chini ya mikroni 50 hivi kutoka nje, kisha chukua skalpeli yenye wembe mpya kabisa na ukwangue eneo lisilozidi nusu milimita chini ya hadubini ya kupasulia. Weka tone dogo la gliserini kwenye ncha kabla ya kukwangua: vumbi la kaharabu hupata umeme wa msuguano na kuruka, na punje zako zitaruka nalo.

Hamishia kwenye slaidi, tafuta punje, piga picha kila moja kwa hadubini ya mwanga katika vina vitatu: uso, katikati, na vitundu. Kisha nyanyua punje hiyohiyo kwa unywele mmoja uliogandishwa kwenye ncha ya sindano, ioshe kwa tone la ethanoli kamili juu ya kibao cha hadubini ya elektroni, paka dhahabu, piga tena. Punje ileile kwa hadubini zote mbili. Usipige picha punje moja kwa mwanga na nyingine kwa elektroni halafu ukadai ni aina moja, maana hapo ndipo mchanganyiko huingia.

Wenye punje nyingi husafisha kwa mchanganyiko wa anihidridi ya asetiki sehemu 9 na asidi ya sulfuriki kali sehemu 1. Sampuli ioshwe kwa asidi ya asetiki isiyo na maji kabla na baada, kwa sababu tone la maji kwenye mchanganyiko huo hulipuka usoni. Ni kazi ya ndani ya kabati la kufyonza mvuke, ukiwa na miwani na glavu. Kwa punje 20 usitumie mashine ya kuzungusha mirija, utazipoteza zote; fanya kwa tone moja juu ya slaidi.

Unachokitafuta: chavua ya Symplocos kwa kawaida imebonyea, ukiitazama kutoka nchani ina umbo la pembetatu, na ina mifereji mitatu mifupi yenye kitundu kila mmoja. Ya Stewartia ni ya mviringo zaidi, na mifereji yake mitatu ni mirefu inayoelekea nchani.

Kuhusu uchafuzi, hapa wengi hukwama. Punje moja juu ya petali haithibitishi chochote, kwa kuwa upepo na wadudu wa Eosini nao walibeba chavua, na hewa ya maabara ina ya leo. Ushahidi ni bonge la punje za aina moja ndani ya chavulio. Kwangua pia upande wa pili wa jiwe usio na ua, kama kipimo cha kulinganisha. Ukipata punje zilezile huko, tupa matokeo. Chavua ya leo pia huwa na majimaji ya seli ndani, na chini ya mwanga wa urujuanimno hung'aa kuliko ya kale.

---

JaniNaNta alijibu:

Nizungumzie kipande B, maana hiki nakiona kinasahaulika.

Kijitawi chenye viungo na vigamba viwili viwili vinavyotazamana kina washukiwa watatu kwenye kaharabu ya Baltiki: Ephedra, Arceuthobium (kirukia kidogo kinachonyonya misonobari na jamaa zake), na Cupressaceae (familia ya misaipresi) kama Calocedrus. Arceuthobium imethibitishwa kwenye kaharabu ya Baltiki kwa spishi kadhaa, kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2017. Kwa msitu uliojaa misonobari hilo halishangazi.

Tofauti yao iko kwenye stomata, yaani vitundu vya kupumulia vya mmea. Ephedra ina shina lenye matuta membamba ya kwenda na urefu, na stomata zimepangwa kwenye mabonde kati ya matuta, zikilala kufuata shina. Arceuthobium, kama jamaa zake wa Viscaceae (familia ya virukia), stomata zake zimelala kukatisha shina. Huhitaji kukata. Kwa lenzi ya mara 20 na mwanga wa juu ulioinamishwa sana, stomata huonekana kama vijishimo vya mviringo mrefu, na unahitaji tu kujua mviringo huo umeelekea wapi. Pima 15 au 20 kwenye kiungo kimoja, uandike pembe zake. Mbili tatu hazitoshi, kwa sababu shina lililopindwa na mtiririko wa utomvu hupindisha na stomata.

Kisha vigamba: vya Ephedra ni vyembamba kama utando, vimeungana kuwa ala kuzunguka kiungo. Vya Arceuthobium ni vinene, vimeungana chini kuwa kikombe kifupi. Ukiona kwamba jozi moja ni bapa usoni na nyingine imekunjwa pembeni, na zote nne zinaonekana kuanzia sehemu moja, hiyo ni Calocedrus au jamaa yake, na kijitawi kizima huwa bapa.

Matuta nayo yana mtego: shina laini linaponyauka ndani ya utomvu hujikunja na kupata mikunjo ya urefu inayofanana na matuta ya Ephedra. Matuta ya kweli yana nafasi sawa na hupita kiungo kizima kutoka juu hadi chini. Mikunjo hugawanyika na kuishia njiani.

---

Kikonyo aliandika:

Asanteni sana, nimepata zaidi ya nilichotarajia. Nimetazama kipande B kwenye gliserini kama mlivyoelekeza. Stomata 17 nilizozipima zote zimekatisha shina, na vigamba ni vinene. Ephedra naifuta.

Kwa kipande A, kwa ubavuni naona kitu kama uvimbe chini ya sepali, lakini ukingo wake mmoja ni mweusi na ninaogopa ni povu. Je, CT ifanyike kabla ya kusaga dirisha au baada? Na nikifika mwisho, jina linabadilishwa kwa utaratibu gani?

---

TabakaKwaTabaka alijibu:

CT kabla. Ukisaga kwanza unaweza kusaga kitu ambacho CT ingekuonyesha kipo.

Lakini piga hesabu kwanza ili usitarajie miujiza. Kamera ya mashine yenye nukta 2000 kwa upana, ikipiga kipande cha milimita 31 kwa ukamilifu, inakupa nukta ya mikroni 15 hivi. Hiyo ni picha ya jiwe. Ikipiga eneo la ua pekee, tuseme milimita 10, unapata mikroni 5. Hapo ukuta wa ovari, idadi ya vyumba na mahali petali zinapoungana vinaonekana. Chavua ya mikroni 25 itakuwa nukta tano tu, kwa hiyo usiitafute huko.

Swali la povu au ovari CT hulijibu vizuri: povu ni shimo tupu lenye ukuta laini, ovari ina kuta za ndani. Tatizo huja mmea ukiwa umejaa utomvu ndani. Tishu iliyobaki ni utando wa kaboni wenye uzito karibu sawa na kaharabu, na eksirei za kawaida hupita bila kuuona. Hapo ongeza umbali kati ya kielelezo na kamera ili kingo zijitokeze kwa tofauti ya awamu ya mawimbi ya eksirei, na tumia nguvu ndogo ya umeme, kilovolti 40 hadi 60. Sinkrotroni (mashine kubwa inayotoa eksirei kali sana) huona bora zaidi, ila mionzi yake hubadili rangi ya kaharabu kuwa ya kahawia. Kwa hiyo picha zote za rangi ziwe zimekamilika kabla.

Kifungie kipande kwenye povu laini la plastiki ndani ya mrija, bila gundi. Kikisogea robo ya milimita wakati wa kuzunguka, saa mbili za kazi zimepotea.

---

MsasaLaini alijibu:

Napingana kidogo na mkuu hapo juu. Kwa kipande cha milimita 31 chenye ua pembeni, kupunguza kona tupu kwanza, bila kukaribia ua, kunasogeza kielelezo karibu na chanzo cha eksirei na kuboresha nukta. Ni kweli kwamba hilo ni uamuzi wa mwenye mkusanyiko, na zile kona "tupu" zikaguliwe kwa hadubini kwanza. Utando wa buibui, chavua iliyotawanyika, nywele za mwaloni, vyote ni ushahidi wa umri na msitu.

Kama kuna ufa unaofika kwenye ua, usisage kabisa kabla ya kukizamisha kwenye epoksi safi yenye kiwango cha kupinda mwanga cha 1.53 hadi 1.54, chini ya ombwe ili hewa itoke kwenye ufa. Chagua epoksi inayoganda polepole, maana zile za dakika tano hupata joto kali. Na ufanye hivyo baada ya kuchukua chavua, kwa sababu epoksi ikishaingia kwenye chavulio hakuna wa kuitoa.

---

TabakaKwaTabaka alijibu:

Kwenye kona tupu nakubali, mradi picha za awali zipo na mabaki ya kona hayatupwi.

---

JinaNaMpangilio alijibu:

Kuhusu jina, tofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila siku.

Lebo yako ya "Stewartia sp." si jina lililochapishwa. Hapo hakuna cha kuhamisha. Unaandika lebo mpya yenye utambulisho mpya, jina la aliyetambua, tarehe na msingi wa uamuzi ("ovari ya chini, CT, chavua, hadubini ya elektroni"), na kuiweka pamoja na ya zamani. Lebo ya zamani haiondolewi hata ikiwa na makosa. Mwandiko wake, wino na namba yake mara nyingi ndiyo njia pekee ya kujua kielelezo kilitoka kwa nani.

Kama kielelezo ni aina ya jina lililochapishwa, yaani kielelezo rasmi ambacho jina limefungwa kwake, sheria za majina ya mimea zinakubana. Neno la spishi linabaki, jenasi inabadilika: ndiyo maana ua la Caspary sasa ni Symplocos kowalewskii, na Caspary, mwandishi wa jina la kwanza, amebaki kwenye mabano. Muunganiko mpya (neno la spishi likihamishiwa jenasi nyingine) uliochapishwa tangu tarehe 1 Januari 1953 lazima utaje jina la msingi kwa ukamilifu: mwandishi, chapisho, ukurasa na mwaka. Ukikosea hapo muunganiko si halali, hata kama botania yako ni sahihi kabisa.

Kabla ya kuhamisha jina hakikisha una kielelezo chenyewe. Kazi za karne ya 19, za Göppert na Berendt mwaka 1845, za Göppert na Menge mwaka 1883, za Conwentz mwaka 1886, zilitaja vielelezo vingi ambavyo vilitawanyika au kupotea kutokana na Vita vya Pili vya Dunia. Sehemu ya mkusanyiko wa Königsberg (leo Kaliningrad) sasa iko Göttingen, Ujerumani. Linganisha na mchoro wa awali nyufa, mapovu na umbo la jiwe, pamoja na ua. Jiwe huenda lilisagwa upya tangu mchoro, lakini mpangilio wa mapovu ndani haubadiliki. Na kumbuka, kwa visukuku aina ya jina la spishi ni kielelezo daima. Mchoro hauwezi kuchukua nafasi hiyo, ila unaweza kukuongoza kwenye kielelezo sahihi. Vikithibitika kupotea vyote vya awali, ndipo neotaipu, yaani kielelezo kipya cha kushika nafasi ya kilichopotea, inazungumzwa.

La mwisho ni kiwango cha uamuzi. Ukipata ovari ya chini na chavulio dogo la mviringo lakini chavua ikakosekana, andika "cf. Symplocos", yaani inafanana na Symplocos lakini haijathibitika. Ukiwa na ovari pekee, usiingie kwenye jenasi. Afadhali lebo inayoishia "ua la dikotiledoni, petali 5, ovari ya chini", kwa sababu jenasi ya kubahatisha huingia kwenye orodha za mimea ya kale, na kutoka hapo kwenye makadirio ya hali ya hewa ya msitu wa kaharabu.

Kijitawi nacho hivyohivyo: stomata za kukatisha na vigamba vinene vinakufikisha Viscaceae kwa usalama. Kusema Arceuthobium, tafuta kwanza ua au tunda, au angalau namna matawi yanavyogawanyika.

---

Kikonyo aliandika:

Nimeelewa. Kipande B nakiandikia Viscaceae, cf. Arceuthobium, nikiambatisha jedwali la pembe za stomata. Kipande A kinakwenda CT kikiwa kizima. Swali moja tu limebaki: vumbi na mabaki baada ya kukwangua chavua nayaweka wapi?

---

PunjeYaChavua alijibu:

Yote kwenye mrija wa kioo wenye kifuniko, namba ileile ya kielelezo ikiongezewa herufi, na slaidi pamoja na kibao cha hadubini ya elektroni vivyo hivyo. Andika kwenye lebo ya kipande chenyewe kwamba sehemu imechukuliwa, ni upande gani na tarehe gani. Kipande kikae gizani, nyuzi 18 hadi 20 za Selsiasi, unyevu wa hewa karibu asilimia 50. Uso uliong'arishwa upya huanza kuoksidika mara moja, na ukiwa chini ya taa za maonyesho nyufa ndogondogo hujitokeza mapema kuliko kwenye ganda la zamani. Punje ambazo hukuzipiga picha leo ziache kwenye gliserini, slaidi ikiwa imezibwa kingo kwa nta. Atakayekuja kuhakiki uamuzi wako atazihitaji.